Kibuyu cha Nyonyo cha Kyarimpa

Mnanichosha. Mjukuu wangu Margreth kaja na mtoto wake mwenye mapunye, ananiuliza zamani tulikuwa tunawapaka watoto nini kichwani. Nikamwambia nyonyo. Akataka nimwandikie, mimi niliyekaa kwa masista misimu miwili tu, nikaacha shule kwa sababu ya kulea wadogo zangu. Haya. Mbegu za mbarika unazikaanga, unazitwanga, unazichemsha kwa maji mengi. Mafuta yakipanda juu unayaengua, unayarudisha motoni mpaka yaache kulia. Yakiacha kulia, maji yamekwisha, hayo ndiyo mafuta ya mtoto. Nilidhani nimemaliza. Kumbe anataka na kisa cha Kyarimpa, maana mama yake alimsimulia nusu, akasinzia. Kisa hicho sikipendi. Kina wanaume watatu, wawili wapumbavu na mmoja mbaya. Nakiandika mara moja, asije mtu kuniuliza tena.

Kijiwe chetu pale Kimuli kilikuwa gogo la mti ulioangushwa na radi, limelazwa njiapanda, njia moja inakwenda Songambele, nyingine inashuka kuelekea Ihembe. Vita vya Bama, vile vya wazungu ng'ambo ya bahari, vilikuwa vimekwisha, kahawa inaanza kupendwa na wanunuzi, na wanaume walikuwa na muda mwingi kuliko akili. Mimi nilikaa pembeni na ungo wangu wa amwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, inachemshwa na majani ya kunukia, inaanikwa, inafungwa kwenye kijani cha mgomba. Wateja wangu wa kila siku walikuwa hao watatu. Pastory tulimwita Bama, kwa sababu alikwenda vitani huko akarudi na koti zito ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Apolinary tulimwita Methali; alikuwa na gunia la methali na hakujua mdomo wa gunia uko wapi. Na Rwegoshora tulimwita Baragumu, kwa sauti. Miezi ile Baragumu alikuwa anatengeneza ngoma ya kuita watu kanisani, maana kigango chetu hakikuwa na kengele, na alitaka kila mtu ajue. Siku ya kisa hiki upepo ulikuwa unapindua majani ya migomba, mvua inakuja haiji, na hakuna aliyekaa akatulia. Baragumu ndiye aliyezidi. Anainuka, anakaa, anainuka, mpaka gogo likawa linacheza chini ya wenzake.

Habari ilikuwa moja. Placidia, mtoto wa Cassian, yule Cassian mdogo wake Baragumu, alikuwa amepukutika nywele. Msichana wa kufika hapa kiunoni, na mama yake Kyarimpa alizitunza nywele zile kuliko watu wanavyotunza shamba. Jioni moja alimpaka nyonyo kutoka kwenye kibuyu chake, akamfunga kitambaa kama tulivyofanya wote, ili mafuta yaingie. Mtoto akalia. Watu wakasema anadeka, watoto wote hulia wakitengenezwa kichwa. Asubuhi kitambaa kilipofunguliwa, nywele zikabaki kitambaani. Ngozi ilikuwa nyekundu kama ulimi. Celestina, mama mkwe, akaita kikao cha ukoo. Kikao kikasema mwanamke anayeunguza kichwa cha mtoto, kesho ataunguza nyumba. Arudi kwao Ihembe. Mtoto, kama ilivyokuwa desturi, anabaki kwa ukoo wa baba. Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kuondoka, na watu wa gogo walijua lazima apite hapo.

Methali: Haba na haba hujaza kibaba. Nywele za yule mtoto zilitoka haba na haba.

Bama: Zilitoka usiku mmoja, bwana.

Methali: Basi kibaba kilikuwa kidogo.

Bama: Mimi nawaambia, hii ni mvua. Kule Bama tulinyeshewa mwezi mzima, kikosi kizima kikapata upara. Hata sajini. Sajini alikuwa na nywele kama mkia wa farasi, asubuhi kavua kofia, kofia ikabaki na nywele, yeye kabaki na kichwa.

Mimi: Placidia alinyeshewa na mvua ya Bama?

Bama: Mawingu yanatembea, Mama Pulkeria. Nani aliyeyafunga kamba?

Baragumu: Kweli hiyo. Mawingu yanatembea. Mimi nilisema tangu mwanzo ni mambo ya juu.

Mimi: Jana kikaoni ulisema ni mikono ya Kyarimpa.

Baragumu: Mikono iko chini ya mawingu. Nipe amwani nyingine.

Nikampa. Aliitupa mdomoni na kijani chake. Nilimwona, sikumwambia.

Methali: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Huyu amelelewa na nyonyo. Sasa mbarika wenyewe unapukutisha majani lini?

Bama: Kiangazi.

Methali: Na sasa ni nini?

Bama: Masika.

Methali: Basi ni mbarika wa Ihembe. Kule labda ni kiangazi.

Baragumu: Umesema neno. Mafuta yale yalitoka Ihembe. Mama yake Kyarimpa ndiye aliyeyapika akampa. Sisi tunajuaje mioyo ya watu wa Ihembe? Tulipomposa yule mwanamke, pombe tuliyopeleka walisema ni nyepesi. Walikunja uso. Watu wakikunja uso siku ya posa, hawaukunjui.

Bama: Kwa hiyo walitia kitu?

Baragumu: Sikusema walitia. Nasema nywele zina ukoo. Nywele za mtoto nusu ni za upande wa mama. Zikasikia kwao hawakuridhika na pombe, zikarudi.

Mimi: Zikarudi wapi?

Baragumu: Ihembe.

Mimi: Kwa miguu?

Bama akacheka mpaka akakohoa. Methali hakucheka, alikuwa anatafuta methali ya nywele zinazosafiri. Baragumu akainuka tena, akatazama njia ya nyumbani kwao, akakaa.

Bama: Kama zinasafiri, mimi nina jambo zaidi. Ile ndege iliyopita juu siku ya Bwana, tukiwa tumepiga magoti. Mliiona?

Methali: Niliisikia. Nilikuwa nimefumba macho.

Bama: Ndege ikipita chini namna ile inavuta. Kule vitani iliwahi kuvuta paa la jikoni na mpishi akiwa ndani ameshika sufuria. Sasa nywele za mtoto, tena zimepakwa mafuta, zimelainika. Zinashika nini?

Baragumu: Kabisa. Ndege. Mimi nilihisi kichwa changu chepesi siku ile.

Mimi: Kichwa chako ni chepesi siku zote.

Methali: Mvumilivu hula mbivu. Ndege nayo ilikuwa inavumilia.

Nawaandikia hivi mjue jinsi walivyokuwa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumpaka mtoto mafuta. Sisi wanawake tuliwatengeneza watoto wetu vichwa nyuma ya nyumba, kwa chanuo la mti, tukawakung'uta mapunye, wao wakiwa kijiweni. Wanawake wa wafugaji walipaka siagi iliyofukizwa miti ya kunukia, sisi wa migomba tulipaka nyonyo. Mwanamume alijua harufu tu. Lakini mtoto akiharibika, wanaume ndio wanaokaa kikao.

Kyarimpa akatokea. Amebeba furushi kichwani, kibuyu chake kimening'inia begani kwa ukamba wa mgomba, na Placidia anamshika kanga nyuma. Walimruhusu mtoto amsindikize mpaka njiapanda, wakamtuma dada wa Celestina awafuate nyuma amrudishe. Yule bibi alibaki mbali kidogo, amesimama, anatazama udongo. Mtoto amefungwa kitambaa cheupe kichwani.

Kyarimpa: Hamjambo.

Wanaume hawakuitika vizuri. Mimi niliitika.

Kyarimpa: Mama Pulkeria, nifungie amwani za njiani. Baba yangu anapenda za Kimuli.

Nikaanza kufunga. Baragumu alitazama mawingu kama mtu aliyeagizwa ayahesabu.

Hapo ndipo akatokea mtu tusiyemjua, mrefu, fimbo ya kuchungia mkononi, anachechemea. Alikuwa mfugaji kutoka mbugani, anaitwa Mwesigwa, ametafuta ng'ombe wake mmoja aliyepotea tangu juzi mpaka visigino vimepasuka.

Mwesigwa: Shikamooni wazee.

Bama: Marahaba. Keti. Umetoka mbali?

Mwesigwa: Mbali. Hamjaona ng'ombe wa madoa?

Methali: Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Mwesigwa: Nimesema ng'ombe.

Bama: Mwache huyo, ndivyo alivyo.

Mwesigwa akakaa ukingoni mwa gogo, akainua mguu, akatazama kisigino. Kilikuwa kama udongo wa kiangazi. Akamwona Kyarimpa na kibuyu.

Mwesigwa: Dada, hicho ni kitu cha kupaka?

Kyarimpa: Ni nyonyo. Imebaki kidogo.

Mwesigwa: Sisi kwetu tunapaka siagi, lakini siagi yangu imebaki nyumbani. Nisaidie tone, nipate kufika.

Kyarimpa hakuwa na sababu ya kumpa mtu kitu siku ile. Lakini aliweka furushi chini, akachomoa kizibo. Nilimsikia akisema polepole kwamba anaogopa mafuta yale, lakini kisigino si kichwa cha mtoto. Akakiinamisha kibuyu kwenye kiganja cha mgeni.

Kikatoka kitone cha mafuta. Halafu yakafuata maji ya rangi ya chai, yakapita kati ya vidole vya Mwesigwa, yakadondoka.

Mwesigwa alijipaka hayo hayo yaliyobaki. Akaanza kukunja mguu, akaukunjua, akaupuliza. Akasugua vidole, vikateleza, vikatoa povu.

Mwesigwa: Inawasha. Samahani, mimi ni mtu wa ng'ombe, sijui mambo ya migomba. Nyonyo yenu huwa inatiwa maji?

Bama akafungua mdomo, nadhani ili atuletee vita vyake tena, akaufunga. Methali alitazama miguu yake mwenyewe. Hata yule dada wa Celestina alisogea.

Mwesigwa: Nimeuliza vibaya?

Mimi: Hukuuliza vibaya. Haitiwi maji. Inachemshwa mpaka maji yaishe.

Mwesigwa: Sasa haya yameingiaje?

Nikachukua kibuyu kwa Kyarimpa, nikanusa. Sikuhitaji kunusa mara mbili. Ilikuwa harufu ya ngozi mbichi iliyolowekwa kwenye maji ya majivu. Kimuli nzima tuliijua harufu hiyo, tuliilalamikia tangu Baragumu aanze ngoma yake. Alikuwa na mtungi mkubwa nyuma ya nyumba, amejaza maji ya majivu ya maganda ya ndizi, amezamisha ngozi ya ng'ombe humo ili manyoya yatoke. Na yalitoka. Ukiyavuta, ngozi inabaki uchi kama mtoto wa panya.

Nikamtazama Baragumu. Alikuwa ameshasimama.

Bama: Kaa, Rwegoshora.

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita kwa jina lake.

Baragumu: Nina ng'ombe wa kufunga.

Bama: Huna ng'ombe. Kaa.

Akakaa.

Mimi: Kibuyu hiki kilining'inia wapi, Kyarimpa?

Kyarimpa: Jikoni kwangu, kwenye nguzo. Kila mtu wa nyumbani anapita.

Mimi: Rwegoshora. Ngozi ya ngoma ikishatoka majini unailainisha na nini?

Baragumu: Na mafuta. Kila mtu anajua.

Mimi: Mafuta ya nani?

Alitafuna kwa muda, na mdomoni hamkuwa na kitu.

Baragumu: Nilichukua kidogo.

Bama: Kidogo cha kiasi gani?

Baragumu: Ngozi ilikuwa kavu. Ngoma yenyewe si yangu, ni ya Mungu.

Bama: Mungu alikutuma kwenye kibuyu cha mke wa mdogo wako?

Baragumu: Nilitaka kurudisha. Nilisema nikichuma mbarika zangu nitarudisha. Sasa kibuyu kikawa chepesi, nikaona nitaulizwa. Maji ya mtungini yalikuwa karibu, rangi yake kama mafuta. Nikajaza.

Mimi: Maji yale yanang'oa manyoya ya ng'ombe.

Baragumu: Ng'ombe amekufa yule. Mimi nilijuaje kwamba hata mtu aliye hai?

Mnaona. Mtu mzima, mwenye watoto, amepewa ubatizo, anasema maneno hayo. Wala hakujua kwamba mafuta hukaa juu ya maji. Siku za kwanza Kyarimpa alimimina mafuta yaliyokuwa juu, mtoto akawa salama, na kadiri alivyomimina ndivyo yale ya chini yalivyokaribia mdomo wa kibuyu. Jioni ile ilikuwa zamu ya maji. Alihisi ni mepesi, akadhani nyonyo inaishia.

Methali akainua kichwa. Akasema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndiyo methali pekee niliyomsikia akiipatia maishani mwake, na naapa hakujua.

Kyarimpa hakupiga kelele. Nilitegemea apige, ningemsaidia. Alichukua kibuyu mkononi mwangu, akafunga kizibo, akakitundika begani.

Kyarimpa: Shemeji, ulijua tangu siku ile kitambaa kilipofunguliwa?

Baragumu: Nilidhani labda.

Kyarimpa: Ulikuwa kikaoni.

Baragumu: Nilikuwepo.

Kyarimpa: Mama mkwe alipouliza nani anaona nirudishwe, ulikuwa wa kwanza kusema.

Baragumu: Wote walisema.

Kyarimpa: Wote walisema baada yako. Na uliposema mtoto abaki, ulikuwa unanitazama usoni.

Baragumu akageuka kunitazama mimi, kama nina kitu cha kumpa. Nilikuwa nafunga amwani.

Baragumu: Sasa mambo yameeleweka, rudi nyumbani, shemeji. Nitamwambia mama. Tutachinja kuku.

Kyarimpa akamwinua Placidia, akamweka mgongoni, akafunga kanga. Dada wa Celestina akasema mtoto si wa kwenda, kikao kimeshasema. Kyarimpa akamjibu kwamba kikao kilisema juu ya mwanamke aliyeunguza mtoto, na mwanamke huyo hayupo. Akajitwika furushi. Nikampa amwani za baba yake. Akaingia njia ya Ihembe na mtoto mgongoni, jambo ambalo halikuwahi kufanywa na mwanamke wa ukoo ule, na sisi tukamtazama mpaka kilima kikamficha. Mwesigwa akachechemea nyuma yake kwa sababu ng'ombe wa madoa labda alipita huko. Kama alimpata sijui.

Mvua ikanyesha. Wanaume walikaa wakalowa. Bama alivua koti akalikunja.

Ukoo ulikwenda Ihembe mara ya kwanza na mbuzi. Melkiory, baba yake Kyarimpa, mzee mfupi mkimya, akamwambia mbuzi arudi alikotoka. Wakaenda mara ya pili na mtungi wa lubisi, pombe yetu ya ndizi. Melkiory akasema ni nyepesi, kama ile ya posa. Cassian akalala huko siku kadhaa, akaosha miguu ya mkwewe kwa maneno, hakupewa mke. Mara ya tatu alikwenda Celestina mwenyewe, na miaka yake ile, na hakuwa mtu wa kutembea. Alikuta mjukuu wake anacheza uani, kichwa kimeanza kuota vinyweleo, isipokuwa kiraka nyuma ya sikio ambacho hakijaota mpaka leo. Akakaa chini akalia. Melkiory alimpa maji ya kunywa, kisha akasema bei ya kumrudisha binti yake.

Hakutaka mnyama. Alisema aliyemnyang'anya mtoto nywele na kumnyang'anya mama mtoto ni mmoja, na ampe huyo mtoto kitu ambacho hakuna kikao kitakachomwondoa juu yake. Alitaka kibanja. Upande wa chini wa kibanja cha Rwegoshora, ule wenye mboji, wenye kahawa aliyoipanda baba yao na migomba ya zamani, ukatwe, uwe wa Placidia. Mtoto wa kike.

Msidhani ni jambo dogo. Wakati huo mwanamke hakupewa kibanja, alipewa jembe la kulimia cha mwenzake. Wazee walikuja mpaka kutoka Songambele kusema haiwezekani. Celestina aliwauliza kama wao wana mjukuu wa kumtoa badala. Kwa hiyo ikawezekana.

Siku ya kukata mpaka tulikwenda wote. Kwetu mpaka wa kibanja hupandwa milamula, mche usiokufa, na anayeung'oa ana kesi. Ilikubaliwa Rwegoshora aipande mwenyewe, mstari mzima, kwa mkono wake, wenye kijiji wakitazama. Nadhani ndiyo siku pekee hatukusikia sauti yake. Alichimba, akapanda, akakanyaga udongo kwa kisigino, akasogea. Mgongo wote wa shati umelowa. Alipofika kwenye mti wa kahawa wa baba yao alisimama kidogo, akaugusa, akapanda mche upande wake ili ule mti ubaki upande wa Placidia.

Kyarimpa alikuwa anamfuata nyuma, mtoto mkononi, anavuta kila mche kuona kama umeshika. Karibu na mwisho mmoja ukatoka mzima na mizizi yake.

Akamwonyesha.

– Panda tena, shemeji. Chimba zaidi.

Akapiga magoti, akachimba zaidi.